Mjadala: Uchumi kivuli wa nchi tajiri, tuhesabu noti au tuhesabu watu?

Wakuu, naileta hii hapa maana kila ukiibuka mjadala wa kodi za Ulaya au Marekani lazima mtu alete "uchumi kivuli ni asilimia kadhaa ya pato la taifa" (yaani kazi na biashara zinazofichwa ili kukwepa kodi) na watu wanaipokea kama imewekwa kwenye mizani, kumbe ni makisio tu. Mimi nasema mapema, makisio ya noti na modeli yasitumike kutunga sheria, tuhesabu watu wanaofanya kazi.

Chukua Italia. Friedrich Schneider, mchumi wa Austria ambaye majedwali yake ndiyo yanazunguka kila mahali, kwenye ripoti ya 2013 iliyotolewa na A.T. Kearney pamoja na Visa (kampuni ya kadi, inayofaidika watu wakiacha keshi, hilo nalo tulitazame) aliiweka kama asilimia 21. ISTAT, idara yao ya takwimu, inazungumzia kati ya 10 na 13, na humo wamejumlisha hadi madawa ya kulevya na ukahaba ambavyo Schneider anaviacha nje. Nchi moja hiyo hiyo!

Sasa hiyo tofauti inatoka wapi. Njia ya noti inasema anayekwepa kodi anatumia keshi, kwa hiyo keshi ikizidi kiwango fulani, hiyo ziada ni uchumi kivuli. Inaingia akilini, ila karibu nusu ya dola za noti ziko nje ya Marekani, mtu kaficha chini ya godoro nchi nyingine kabisa kwa kuogopa sarafu yake kuporomoka, halafu bila uangalifu anahesabiwa kama fundi anayekwepa kodi huko Chicago. Modeli ya MIMIC, ile ya takwimu inayokisia uchumi kivuli kutokana na vyanzo na dalili zake, ndo inanikera zaidi, maana yenyewe inakupa mwelekeo tu, kupanda na kushuka, kiwango chenyewe inabidi kiazimwe kwenye makisio mengine, mara nyingi hayo hayo ya noti. Na kodi wameiingiza wenyewe kama chanzo, kisha tunaambiwa utafiti umegundua kodi ndo chanzo.

ISTAT wanafanya kazi ya kuchosha lakini ya maana. Wanauliza kaya nani anafanya kazi na wapi, kisha wanalinganisha na kumbukumbu za waajiri na za michango ya hifadhi ya jamii. Baba anasema wiki nzima alikuwa anapachika vigae, ukitafuta jina lake kwenye kumbukumbu halipo popote. Basi huyo kapatikana, ana masaa yake na anakosa pensheni yake, sio asilimia inayoelea hewani.

Najua mtaniambia watu wanadanganya. Kweli, kwenye Eurobarometer ya 2013, ule utafiti wa maoni wa Umoja wa Ulaya, asilimia 11 walikiri kununua kitu au huduma waliyohisi inatokana na kazi iliyofichwa mamlaka ya kodi, waliokiri kuifanya kazi hiyo ni 4 tu, ila fundi mmoja anahudumia nyumba nyingi kwa hiyo pengo lote sio uongo. Kinachonisumbua kweli ni mshahara wa bahasha, dada wa usafi ana mkataba wa masaa 10 kwa wiki, anafanya 30, yanayobaki analipwa mkononi. Ukimuuliza umeajiriwa rasmi anajibu ndiyo na hajadanganya! Hapo lazima uulize masaa, kuhesabu vichwa hakutoshi.

Halafu IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wao wanakagua walipakodi kwa sampuli, na walikuta kwenye mishahara pato lisiloripotiwa sawasawa ni kama asilimia 1, lakini pale ambapo hakuna mtu wa tatu (kama mwajiri au benki) anayeripoti malipo ni 55. Maana yake pesa nyingi iliyofichwa iko kwa wenye biashara zao, na bado misako inaenda kwa waosha vyombo.

Anayetetea modeli aje anijibu hili tu: hiyo asilimia 21 inamwambia mkaguzi aanzie mlango gani?