Ushauri wakuu: nachora mijusi na anime, mjomba anataka nikawe karani wa korosho

mchora mijusi

Habari za jioni wakuu, nisiwachoshe. Nina miaka 25, nipo Lindi mjini, nina diploma ya uhasibu ambayo mpaka leo imenisaidia kujaza fomu tu. Tangu darasa la tano mimi ni mtu wa anime (katuni za Kijapani), magemu na madude makubwa makubwa, madragoni, mijusi wa kale, yaani nikikosa bando nachukua daftari nachora meno ya mjusi jino moja moja mpaka saa nane usiku, kuna kipindi mama alitaka kunipeleka kuombewa.

Sasa hivi nachora kwenye simu kwa kidole, natumia ibisPaint, na nina kompyuta ya mtumba RAM 4 nimeweka Blender humo, ile programu ya kutengeneza katuni za 3D, nikiifungua feni inalia kama mashine ya kusaga. Kwenye kundi letu la wasap la anime stika karibu zote nimetengeneza mimi, bure. Hela niliyowahi kuiona kwenye mambo haya ni mara mbili tu, kuna chekechea moja walinipa ukuta nichore wanyama tukakubaliana laki na ishirini nikaishia kupewa elfu sabini na maneno matamu, halafu kuna jamaa alinipa elfu kumi na tano nimchore kama shujaa wa anime ampelekee mchumba wake. Basi.

Jumapili mjomba kaja, anasema AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kijijini kwao wanatafuta karani wa msimu, ameshaongea na watu, Ijumaa anataka jibu. Watu wa kusini mnajua, huku mjomba akisema amesema. Ila roho yangu inataka hizi katuni ziwe kazi kabisa. Kuna mtu kweli anakula kwa hivi vitu au tunajidanganya? Nimjibu nini mzee?

Korosho Ghafi

Dogo nenda kapime korosho. Mtu mzima na mijusi wapi na wapi hahaha

Binti Mikindani

Mdogo wangu usimsikilize huyo. Mimi nina steshenari Mtwara mjini na nilianza hivyohivyo kwa mapenzi ya katuni, ila nikuambie nilipojikwaa ili usijikwae palepale. Nilikuwa nachapa tisheti zenye wahusika wa anime maarufu, zinaenda vizuri, nikafungua ukurasa mtandaoni, siku napata oda ya tisheti 40 ndo siku hiyohiyo ukurasa ukafungwa, eti nauza michoro ya watu. Nikapiga kelele wee, lakini ukweli walikuwa sahihi, yule mhusika ana wenyewe, na hata hapa kwetu Sheria ya Hakimiliki ipo tangu 1999, ni vile tu hatuna mazoea ya kuiogopa.

Kilichoniokoa ni mzazi mmoja aliyenunua tisheti akaniuliza, huyu kijana wa kwenye tisheti umemchora mwenyewe? Nikasema ndiyo. Akasema basi nichoree nembo ya mahafali ya mwanangu. Kuanzia hapo ni mahafali, harusi, vikoba, mpaka boti za Mikindani naziandika majina. Anime ilinipa mkono, hela imetoka kwenye mkono. Na kitu kingine, hiyo ya chekechea ni kosa lako. Nusu ya hela kabla brashi haijagusa ukuta, na nusu nyingine kabla hujamalizia macho ya simba. Simba asiye na macho hakuna mwalimu mkuu atakayemwacha hapo, atalipa tu.

mchora mijusi

Hahaha dada hiyo ya macho nimeichukua.

Fundi wa Chuno

Mkuu kula watu wanakula, ila tujue wanakulaje. Mfano ni yule Satoshi Tajiri wa gemu la Pokémon. Mwaka 1983 alikuwa kijana anayeshinda kwenye mabanda ya gemu, akaanza kuandika kwa mkono kijarida cha mbinu za kushinda magemu, anatoa kopi, anabana na stepla, anauza. Ken Sugimori akakiona kile kijarida akaenda kumchorea. 1989 kijarida kikageuka kampuni kwa jina lilelile, Game Freak, na Pokémon yenyewe imekuja kutoka 1996. Hesabu mwenyewe hiyo ni miaka mingapi. Au Counter-Strike, vijana wawili walichukua gemu la watu wakalikarabati kwa kujifurahisha tu, 1999 wakalitoa bure, wenye gemu lao walipoona watu wamehamia huko wakawaajiri.

Unaona hapo, hakuna aliyelipwa kwa kupenda. Wametoa kitu kinachoshikika, watu wengine wakakitumia. Wewe stika zako watu wanazitumia, kwa hiyo nusu ya njia umeshatembea, tatizo zipo kwenye kundi la watu wasiokuwa na hela kama wewe hahaha.

Kuhusu Blender, usikate tamaa kwa sababu ni ya bure, kuna filamu ya katuni kutoka Latvia imechukua Oscar mwaka 2025 na imetengenezwa na hiyohiyo Blender. Ila kwa RAM 4 unajitesa, matoleo ya sasa yanataka 8 kuanzia. Ukishapakua mara moja haihitaji bando tena. Kwa sasa weka Krita uchore kawaida, Blender iache mpaka uongeze RAM.

Korosho Ghafi

Wajapani hao na Walatvia. Tutajie wa Ntwara sasa, au hata wa Bongo basi.

Fundi wa Chuno

Lufufu. Kakaa anatafsiri muvi za watu kwa sauti yake mpaka jina lake likawa linauza kaseti kuliko jina la muvi. Nchi nzima mabanda umiza yalikuwa yanajaa kumsikiliza yeye. Kazi gani ile kama sio mtu kupenda muvi kupitiliza?

Korosho Ghafi

Hapo umenipata. Lufufu alikuwa balaa.

Mwalimu wa Mingoyo

Mwanangu mchora mijusi, mimi ni mwalimu mstaafu, nimesoma uzi wote kimya. Nina swali moja. Hao mijusi unaowachora ni mijusi gani?

mchora mijusi

Shikamoo mwalimu. Mara nyingi T. rex, nina kama ishirini hivi, na wengine wa kutunga mwenyewe wenye mabawa.

Mwalimu wa Mingoyo

Marahaba. Sasa sikia. Huyo T. rex mifupa yake inatoka Amerika ya Kaskazini, hajawahi kukanyaga Lindi. Wewe unakaa kwenye mji ambao mifupa ya mijusi wa kale wa Tendaguru, hapahapa mkoani Lindi, ilipita mitaani ikielekea bandarini. Kuanzia 1909 mpaka 1913 Wajerumani walichimba kule, na waliochimba hasa ni babu zetu kwa mamia, msimamizi wao mkuu akiitwa Boheti bin Amrani, na wapagazi wakabeba mizigo kichwani kwa siku kama nne mpaka hapa Lindi, zaidi ya tani 200 zikapandishwa meli. Mjusi mkubwa kati ya hao anasimama makumbusho ya Berlin tangu 1937, urefu wa kwenda juu unapita mita 13. Siku hizi wataalamu wanamwita Giraffatitan. Na hakuwa peke yake, kuna Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni mpaka mkiani, huyo ni wa hapahapa Tendaguru.

Wapo watu duniani kazi yao ni kuchora viumbe wa kale, makumbusho yanawalipa, wachapishaji wa vitabu wanawalipa. Mimi nimefundisha miaka thelathini na sikuwahi kuwa na picha hata moja ya mjusi wetu ya kubandika ukutani darasani, nilikuwa nachora kwa chaki na watoto wanasema mwalimu huyo ni mbuzi. Chora huyo.

Binti Mikindani

Mwalimu umenitoa machozi na kicheko kwa pamoja. Dogo ukichora bango zuri la huyo mjusi lenye maelezo ya Kiswahili, nitumie nichape kumi niweke dukani, walimu wanapita kwangu kila siku. Faida tunagawana nusu kwa nusu. Na huyu hana mwenyewe wa kukufungia ukurasa, kafa zamani.

Fundi wa Chuno

Ila asichore kwa kuangalia picha ya mchoraji mwingine akaiga mkao, hiyo nayo ni ya mtu. Aangalie picha za mifupa, nyama aweke mwenyewe.

mchora mijusi

Mrejesho wakuu, samahani nimepotea siku tatu. Nimechora. Kwa bik kwanza kwenye kaunta buku halafu nikaipiga picha nikaimalizia kwenye simu. Nimemweka amesimama kwenye mikorosho, najua enzi zake mikorosho haikuwepo msinishambulie, nilitaka watu waone ukubwa. Picha hiyo hapo chini.

Mwalimu wa Mingoyo

Shingo nzuri. Mkia mzuri. Mikorosho itoe, mtoto ataandika kwenye mtihani kwamba alikula mabibo. Kosa kubwa ni miguu. Umefanya ya nyuma mirefu kama wale wa kwenye muvi. Huyu miguu ya mbele ndo mirefu, mgongo unateremka kwenda nyuma kama wa twiga, na ndo maana wakampa jina lile. Rudia miguu.

mchora mijusi

Sawa mwalimu. Kumbe nimechora mijusi miaka kumi na tatu na sijawahi kuangalia miguu, nilikuwa na meno tu.

Korosho Ghafi

Na mjomba je? Leo Ijumaa.

mchora mijusi

Nimemkubalia. Nilipiga hesabu, msimu unaanza mwezi wa kumi, miezi michache unaisha, na ni karani wa msimu sio ndoa. Nitakuwa na mzani mchana na daftari usiku, hela ya kwanza RAM, ya pili mama. Nikamwonyesha mjomba picha nikamweleza habari ya Tendaguru, akakaa kimya kidogo akasema babu yake alikuwa anahadithia watu waliobeba mawe ya Wajerumani, yeye alidhani ni mawe kweli. Halafu akauliza huyu mjusi nyama yake ilikuwa inaliwa?

Korosho Ghafi

Hahahaha mjomba ni mtu wangu. Ila dogo angalia unyaufu kwenye ghala, kilo zikipungua wanamtazama karani. Andika kila gunia, usiamini kichwa.

Fundi wa Chuno

Kabla ya kununua RAM fungua kifuniko cha chini ya kompyuta uangalie sloti ziko ngapi.

mchora mijusi

Nimefungua sasa hivi. Mbili, moja ipo tupu. Kwenye iliyopo imeandikwa DDR3L.

Fundi wa Chuno

Safi. Tafuta hiyohiyo yenye L, ya 4, usikubali ya kompyuta ya mezani haiingii. Ukikosa Lindi niambie, kuna mtu hapa sokoni huwa anazo, nitamwekea gari la asubuhi.