Delamere: baba wa kilimo au mnyang'anyi mwenye cheo?

Mzee wa Molo: Wadau, jina la Lord Delamere bado linatugawa. Nazungumzia Hugh Cholmondeley, mlowezi Mwingereza, wa kwanza katika ukoo wake kuhamia Kenya. Barabara yake Nairobi ilishakuwa Kenyatta Avenue, sanamu ikang'olewa. Sasa kwenye vitabu vya watoto tumwandike nani? Alimwaga mali ya ukoo wake wa Cheshire, Uingereza, kwenye ngano na kondoo, akafa 1931 na madeni tele. Mwizi gani hufa na madeni?

Binti Enkare: Mwizi asiyejua biashara. 1903 alipewa ekari 100,000 Njoro, miaka 99, kodi pauni 200 kwa mwaka. Piga hesabu, ekari moja haifiki nusu peni. Na 1904 wazee wetu Wamasai wanatiwa kidole kwenye mkataba wa Waingereza, wahame Bonde la Ufa. Walipohamishwa tena 1911 wakaenda kortini, wakaambiwa mikataba ile ni ya mataifa mawili, korti haina la kusema. Taifa lisilo na nchi, sijui ndiyo taifa gani.

Kipanga: Lakini tumpe heshima yake. Mtoto wa Eton, shule ya wakubwa Uingereza, lodi akiwa na miaka 17. Babu yake Walpole, waziri mkuu wa kwanza wa Uingereza. Ile damu ya uongozi haijifichi.

Binti Enkare: Damu ya uongozi?? Wewe umetawaliwa mpaka ukapenda.

Soma Kwanza: Kipanga, umechanganya matawi. Waliotoka kwa Walpole ni Cholmondeley wa Houghton. Huyu Delamere ni wa Vale Royal kule Cheshire, ubaroni wao ni wa 1821 tu. Na Vale Royal yenyewe ilikuwa nyumba ya watawa. Mfalme Henry VIII akaifunga, ardhi ikaenda kwa Thomas Holcroft, mtu wa serikali. Akina Cholmondeley wakaja baadaye.

Binti Enkare: Kumbe hata kwao walilala kwenye kitanda cha mtu!

Mzee wa Molo: WALINUNUA. Nani hapa hajanunua shamba lenye historia?

Binti Enkare: Basi Njoro naye angenunua, kwa bei ya Cheshire.

Jamaa wa Garissa: Mimi nalaumu simba. 1894 huko Somalia alimkamata Delamere mguu, akamwachia kilema tu. Kazi nusu nusu.

Hirsi: Simba hakushindwa. Abdullah Ashur, Msomali mbeba bunduki, ndiye aliyemrukia simba huyo. Mbona huyo hana hata kichochoro Nairobi?

Mlimani City: Poleni majirani. Huku kwetu habari za walowezi Mwalimu alishazimaliza, hatukeshi tukilia na marehemu.

Ndesanjo: Hukeshi kwa sababu hujui. 1951 Wameru walitimuliwa Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa, wakawekwa walowezi. Mwenzao Kirilo Japhet akaenda kuwasemea mpaka Umoja wa Mataifa 1952. Hapo Arusha, si Njoro.

Mlimani City: Nimesema alizimaliza, sijasema hazikuwepo. Soma vizuri, mkuu.

Ndesanjo: Japhet alisimama New York kabla TANU, chama cha Mwalimu, haijazaliwa. Sasa Mwalimu alimaliza nini hapo?

Kipanga: Watanzania wameanza wenyewe kwa wenyewe, mimi nachukua karanga.

Mlimani City: Kaa na Walpole wako.

Mzee wa Molo: Jamani, vitabu vya watoto! Maabara ya ngano ya Njoro aliianzisha nani, baada ya ugonjwa wa kutu kumaliza ngano? Chapati mnazokula je?

Binti Enkare: Na kondoo wake waliokufa ovyo? Wamasai walijua malisho ya Njoro hayafai mifugo, ndiyo maana alikuta pako wazi. Aliongea Kimaasai vizuri sana, wanasema. Angeuliza.

Ndesanjo: Mlimani City bado nakusubiri.