Jeminoma imeyeyuka yote kwa dawa, mionzi ya nini tena?

mdadisi_wa_wodi
Wakuu, kijana wa miaka 15, jeminoma (saratani ya seli-mbegu) ya tezi ya pineali, katikati ya ubongo. Maji yalijaa kichwani, wakatoboa njia kwa endoskopi na kuchukua kinyama hapohapo. Uvimbe wenyewe hawakuutoa. Baada ya mizunguko minne ya kemo, MRI haionyeshi kitu. Sasa kapangiwa mionzi ya ventrikali zote (vyumba vya maji ndani ya ubongo). Kwa nini isipigwe pale tu ulipokuwa uvimbe, au iachwe kabisa?

Gy24
Kuiacha, hapana. Kemo peke yake ilishajaribiwa, na karibu nusu ya wagonjwa uvimbe uliwarudia. Kupiga pale tu nako kulijaribiwa. Katika utafiti wa SIOP CNS GCT 96, waliopewa kemo na Gy 40 (grei, kipimo cha mionzi) kwenye uvimbe pekee, 88% walimaliza miaka 5 bila ugonjwa kurudi. Waliopigwa ubongo wote na uti wa mgongo, 97%. Na uliporudi, ulirudi hasa kwenye ventrikali, nje ya eneo lililopigwa. Seli zake husafiri na maji ya ubongo na kujibandika kutani, ndogo mno MRI isizione. Ndiyo maana mpango wa Ulaya ni Gy 24 ventrikali zote, vipindi 15 vya Gy 1.6. Mgongo unaachwa, mradi MRI yake na maji ya uti wa mgongo ni safi.

Waliokuwa hai baada ya miaka 5 ni takribani 95% kote kuwili, maana wanaorudiwa wengi huokolewa, ila kwa matibabu mazito zaidi.

Kuhusu kisu: jeminoma inasikia dawa na mionzi kuliko karibu uvimbe wowote wa ubongo. Kuufuata huko ndani ni kuhatarisha macho bure.

alama_kwanza
Sawa mkuu, ila hayo yote yanasimama ikiwa ni jeminoma tupu. AFP na HCG (protini ambazo baadhi ya uvimbe wa aina hii hutoa) zilipimwa kabla ya kemo, kwenye damu na kwenye maji ya uti wa mgongo? Kinyama cha endoskopi ni kama punje ya mchele, na uvimbe huu hupenda kuchanganyika na aina nyingine. AFP ikizidi 25 ng/ml, si jeminoma tupu hata patholojia ikiandika hivyo: kemo inakuwa ya sisplatini, mionzi inafika Gy 54, na matokeo yanashuka.

mdadisi_wa_wodi
Ya damu ilikuwa kawaida. Ya maji siioni kwenye faili.

alama_kwanza
Kuipima leo hakutakwambia kitu, kemo ilishaishusha. Mrudishie mtaalamu wa patholojia kinyama akikague upya kabla mionzi haijaanza.

nesi_onko
Muulizeni pia kiu na mkojo. Uvimbe uonekane pineali tu, lakini akikojoa lita nyingi, hesabuni kuwa pituitari, tezi inayodhibiti mkojo, nayo imeguswa. Homoni ya kotisoli ikiwa chini, mkojo huo hujificha; ukianza hidrokotisoni (dawa ya kuifidia) ndipo unafumuka. Mwenye hali hiyo akipewa desmopresini (dawa ya kupunguza mkojo) huku anamiminiwa dripu nyingi za kemo ya ifosfamidi, sodiamu hushuka hadi degedege. Pimeni sodiamu mara kadhaa kwa siku, na mkojo kila saa.