Lenzi ya Sirui ya milimita 50 kwenye kamera ya Pocket 4K: watu wamekonda kama mianzi

mpigapicha_ngara: Wadau, hamjambo? Nimepata lenzi ya anamofiki ya Sirui, ile inayobana picha ili ukiinyoosha iwe pana kama ya sinema, mbano wa mara 1.33, naitumia kwenye kamera ya Blackmagic Pocket 4K. Jana usiku nilirekodi matatu pale Mtaa wa Tom Mboya, Nairobi. Taa zikachora mistari ya buluu kutoka upande hadi upande, hadi makanga akauliza kama ni filamu ya Marekani! Nyumbani, kwenye kompyuta, kila mtu ni mrefu, mwembamba. Na pete ya bibi harusi, nikisogea karibu, ni ukungu mtupu.

mama_wa_taa: Pole, ndugu. Lenzi haijaharibika, imebana picha kwa upana. Kwenye programu ya kuhariri, fungua mradi wa pikseli 3840 kwa 1620, acha upana wa video ulivyo, punguza urefu wake wa wima hadi mara 0.75. Usikadirie kwa macho. Mimi niliwahi kumnenepesha mchungaji hivyo.

fundi_lenzi: Na ile pete: lenzi hiyo haioni vizuri chini ya sentimita 85. Funga diopta mbele, yaani kioo cha kupigia vitu vya karibu. Halafu acha kutumia f/1.8, tundu la lenzi likiwa wazi kabisa; panda hadi f/2.8, kingo za picha zitatulia.

mpigapicha_ngara: 0.75 imekubali! Diopta naitafuta Jumatatu, harusi ni Jumamosi.