Kishikilia kinywaji chenye sumaku: cha neoprini au cha chuma cha kuta mbili?

FundiWaTabata
Wakuu, habari za asubuhi. Mdogo wangu anarejea kutoka Dubai wiki ijayo, na ameniuliza aniletee kipi kati ya vishikilia vinywaji viwili alivyoviona dukani. Vyote hutunza ubaridi na vyote vina sumaku ya kunasa kwenye chuma. Cha kwanza ni mfuko laini wa neoprini (mpira mwepesi kama sponji) wenye sumaku zilizoshonewa ubavuni. Cha pili ni cha chuma kisichoshika kutu, kina kuta mbili, sumaku yake imevikwa mpira, na bei yake inakaribia mara tatu ya kile cha kwanza. Nimechoka kunywa maji yaliyopata moto kabla ya saa sita, na nimechoka kupiga teke chupa niliyoiweka sakafuni. Naomba ushauri wa waliowahi kuvitumia.

BintiPangani
Kaka, maelezo yako hayatoshi kumwezesha mtu kukushauri. Unakunywa maji ya chupa au soda ya kopo, na ya ujazo gani? Mfuko ulioshonwa kwa kopo la mililita 330 hauingizi chupa nene. Tena hujasema utakinasa wapi, ilhali hilo ndilo linaloamua kila kitu.

DerevaWaMbuga
Mimi ninaendesha watalii kutoka Arusha, na nitakutetea neoprini bila kusita. Ni nyepesi, inakunjika na kuingia mfukoni, na ikianguka haivunjiki wala haimuumizi mtu. Nimeitumia misimu miwili kwenye Land Cruiser, ubavuni kabisa, hata kwenye barabara za makorongo. Siku niliyopewa Land Rover Defender ya zamani ndipo iliponiangusha, kwa maana mlango wake ni wa alumini na sumaku haikushika chochote.

KarakanaMwanza
Ndugu Dereva, si Defender yote iliyo ya alumini. Fremu yake ni ya chuma, na ukuta unaotenga injini na chumba cha dereva pia ni wa chuma. Ungelitafuta mahali hapo ungelipata pa kunasa.

DerevaWaMbuga
Nakubali kuhusu fremu, lakini siwezi kuinama chini ya gari kila ninapotaka kunywa maji. Nilizungumzia mlango, na mlango ni alumini.

MwalimuWaFizikia
Naomba niongeze mambo mawili ambayo wauzaji hawayaelezi. La kwanza ni nguvu ya sumaku. Kilo zinazoandikwa kwenye kifurushi hupimwa kwa kuivuta sumaku moja kwa moja kutoka kwenye bamba nene la chuma. Ukiinasa kwenye ukuta uliosimama, kinachozuia chombo kisiteleze chini ni msuguano tu, na hapo nguvu inayobaki mara nyingi huwa kama sehemu moja ya tano ya ile iliyoandikwa. Bati jembamba na rangi nene huipunguza zaidi. Maji ya nusu lita yana uzito wa nusu kilo, na chombo cha kuta mbili nacho kina uzito wake, kwa hiyo mpira uliovikwa juu ya sumaku ni wa lazima, maana ndio unaoongeza msuguano.

La pili ni jasho la kopo. Katika hewa ya pwani yenye unyevu mwingi, mvuke hugeuka maji juu ya kopo baridi, na unapogeuka hivyo unatoa joto linaloingia ndani ya kinywaji. Gramu moja tu ya maji hayo inaweza kupandisha joto la kopo la mililita 330 kwa karibu nyuzi mbili. Neoprini huzuia jambo hilo vizuri kwa sababu imejaa vipovu vya gesi vilivyozibwa. Kuta mbili zilizotolewa hewa katikati hufanya vizuri zaidi, lakini muulize mdogo wako kama kweli hewa imetolewa, kwani vingine vina kuta mbili zenye hewa ya kawaida ndani.

KarakanaMwanza
Naomba nieleze yaliyonikuta, kwa kuwa hakuna aliyeligusia jambo hili. Mwaka jana nilinunua kishikilia chenye sumaku kali sana, nikakifurahia kwa wiki kadhaa. Karakana yangu ina fundi wa kuchomelea, grainda haipumziki, na vumbi la chuma hutanda kila mahali. Kila nilipokinasa ubavuni mwa meza ya kazi, sumaku ilikusanya chembe hizo bila mimi kuziona, kwa sababu mpira wake ulikuwa mweusi na chembe zenyewe ni nyeusi. Siku moja nilikuwa namalizia gari jeupe la mteja, ambalo lilikuwa limepigwa rangi siku nne tu kabla. Nikakinasa mlangoni, nikakisogeza kando kidogo ili nishike kitasa, na nilipokibandua nikaona mistari myembamba imechimba rangi hadi kwenye praima, yaani rangi ya chini, na mteja amesimama palepale. Nililipa gharama ya kupiga rangi mlango mzima, na bado gari lilipotolewa juani mlango ule ulitofautiana na wa nyuma yake. Tangu siku hiyo hakuna kitu chenye sumaku kinachogusa gari la mtu katika karakana yangu, kiwe cha neoprini au cha chuma.

BintiPangani
Pole sana, kaka. Chembe hizo huondoka kwa tepu yenye gundi: unaibandika juu ya sumaku na kuibandua mara mbili tatu. Kitambaa huzisogeza tu. Mwanzisha mada, bado tunasubiri majibu yako.

FundiWaTabata
Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa chini ya gari. Ninakunywa maji ya chupa ya nusu lita, na soda ya kopo siku za Jumamosi. Nilikusudia kukinasa kwenye kabati la spana, ila ninapofanya kazi ya injini ningependa kiwe karibu, yaani ubavuni mwa boneti au kwenye fenda. Baada ya kusoma habari ya Mwanza, la fenda nimeliacha.

MwalimuWaFizikia
Umefanya vema kuliacha, na injini yenyewe pia uiepuke. Sumaku za kawaida za neodimiamu huanza kupoteza nguvu zinapopita nyuzi 80 za Selsiasi, na nguvu nyingine hairudi hata zikipoa. Zile nyeusi za feraiti huvumilia joto kubwa zaidi, lakini ni dhaifu, na ingehitajika kubwa mno ili ishike nusu kilo.

BintiPangani
Mimi bado nina swali la kifuniko. Vumbi la breki na mikono yenye madini ya risasi ya betri si vitu vya kukaa karibu na kinywaji kilicho wazi. Mfuko wa neoprini huacha mdomo wa kopo wazi. Kama hicho cha chuma kina kifuniko, basi mimi nakichagua, na tofauti ya bei ni halali.

DerevaWaMbuga
Chupa ya maji ina kifuniko chake tayari, dada. Kwa maji ya chupa, neoprini inatosha.

KarakanaMwanza
Kwa kabati la spana mimi nisingenunua chochote kati ya hivyo. Pinda nondo nyembamba iwe pete, ichomelee ubavuni mwa kabati, na utumbukize humo chupa yoyote ya kutunza ubaridi. Haitelezi, haikusanyi chembe.

FundiWaTabata
Wazo la pete ni zuri, ingawa kabati langu lina magurudumu na bati lake ni jembamba, nahofia moto utalitoboa. Nimemwomba mdogo wangu aingie dukani na chupa iliyojaa, akinase kila kimoja kwenye rafu ya chuma iliyosimama, kisha afungue chupa kwa mkono mmoja tu. Atanipigia jioni. Mwanza, hiyo pete yako uliipinda kwa nondo ya milimita ngapi?

KarakanaMwanza
Milimita 6. Bati likiwa jembamba, tumia boliti mbili badala ya kuchomelea.