Naomba ushauri: kusafisha vali ya hewa ya sailensi nyumbani
Ndugu zangu, naomba msaada wa wenye uzoefu. Gari langu lina injini ya petroli yenye throto (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini) ya kuvutwa kwa waya, na kwa wiki kadhaa sasa, likiwa limesimama kwenye sailensi (injini inawaka bila kukanyaga mafuta), mshale wa mizunguko hushuka kutoka 800 hadi karibu 500 kwa dakika, usukani hutetemeka, na nikiwasha kiyoyozi injini huzimika kabisa. Jana nilifungua skrubu mbili, nikaitoa vali inayodhibiti hewa ya sailensi, nikakuta ncha ya sindano yake imegandwa na masizi meusi yenye mafuta.

Dawa ya kupuliza ya kusafishia throto ninayo, lakini nasita, kwa sababu ndani ya vali kuna mota ndogo ya umeme ambayo sitaki kuilowesha. Je, niipulizie ncha ikiwa imeelekea chini, au nilowanishe mswaki tu na kusugua? Sindano sijaisukuma kwa mkono, nikichelea kuharibu meno ya ndani. Gasketi nayo imebonyea (hiyo nitaibadilisha, nisije nikajiletea uvujaji mwingine wa hewa). Nikishairudisha, kuchomoa betri kunatosha ili kompyuta ya injini ijifunze upya sailensi?