Old Calabar: tukiwapa Waefik heshima ya dola, tuwape na hesabu yake

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kila zinapotajwa dola za pwani ya Afrika Magharibi, Waefik wa Old Calabar, kusini-mashariki mwa Nigeria ya leo, husemwa kwa namna mbili. Wapo wanaowaita madalali tu, watu waliokaa kwenye mlango wa mto Cross wakiuza binadamu waliotolewa bara. Wengine huwasifia utawala wao, lakini ikifika habari ya watumwa wanasema walilazimishwa na Wazungu. Mimi nayakataa yote mawili.

Tuanze na dola yenyewe. Hapakuwa na mfalme mmoja. Palikuwa na miji: Creek Town, Old Town ambayo wenyewe waliiita Obutong, Duke Town au Atakpa, na mingine midogo, kila mmoja na koo zake kubwa na wakuu wake. Kilichoiunganisha ni Ekpe, chama cha chui. Huko huingii bure. Unanunua daraja la chini, unapanda moja baada ya jingine, na viingilio wanagawana wakubwa. Ekpe ndiyo iliyotunga sheria, ikatoza faini, na ikaua.

Biashara ilikwenda kwa mali kauli. Nahodha wa Liverpool au Bristol anatoa nguo, bunduki na fimbo za shaba zilizotumika kama fedha, mfanyabiashara anapanda nazo mto kwenda kutafuta watu. Rehani yake ni mwanawe au nduguye, anayebaki melini mpaka deni liishe. Mdeni akikaidi, Ekpe inaifungia nyumba yake: hakuna kuuza, kununua wala kutoka. Nahodha akileta ubishi juu ya ushuru, naye anafungiwa vilevile, anakaa mtoni na meli tupu huku mabaharia wake wakifa kwa homa. Na Wazungu hawakuwa na ngome pale kama zile za Elmina na Cape Coast, katika Ghana ya leo. Walilala melini mwao.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Watu walioweza kumfungia Mwingereza biashara walikuwa na uwezo wa kuamua. Zaidi ya watu laki mbili walipakiwa melini kutoka mto ule, wengi wao Waigbo na Waibibio. Ekpe iliufunga mto kwa ajili ya deni, haikuufunga kwa ajili yao.

Anayetaka ushahidi wa karibu asome shajara ya Antera Duke, mkubwa wa Duke Town, aliyoiandika kati ya 1785 na 1788 kwa Kiingereza cha bandarini. Novemba 1786, kwenye matanga ya Duke Ephraim, mkuu wa Duke Town, anasema aliamka saa kumi alfajiri, mvua kubwa inanyesha, akaenda barazani. Saa kumi na moja wakaanza kukata vichwa vya watumwa, 50 kwa siku hiyo moja. Hapo hapo anaendelea na hesabu ya makasha 29 ya brandi aliyopeleka na vibuyu 15 vya chakula, na kwamba kila ua ulikuwa na ngoma. Nimeirudia habari hiyo mara nyingi na bado inanisimamisha. Aliyeandika ni mtawala, na anaandika bila hofu ya mtu yeyote.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, umeuruka mwaka 1767. Old Town na Duke Town walikuwa wakigombea biashara. Manahodha wa Kiingereza waliokuwa mtoni wakawaalika wakubwa wa Old Town melini, wakiwaahidi kuwapatanisha na kuwalinda. Watu wakaja kwa mitumbwi. Waliopanda wakakamatwa, na wengine wakapigwa risasi majini, huku watu wa Duke Town wakiwavizia waliojaribu kukimbia. Waliouawa walikuwa mamia. Amboe Robin John, mmoja wa wakubwa wa Old Town, aliunganisha viganja akamsihi nahodha asivunje haki ya mgeni. Nahodha akamtoa kwa maadui zake, wakamkata kichwa pale pale kando ya meli. Unaita huo uwezo wa kuamua?

Jambo la pili ni Bonny, bandari nyingine ya watumwa kwenye pwani hiyo hiyo. Old Calabar ingekataa kuuza, meli zingekwenda Bonny, na kweli Bonny iliipita kwa biashara ile. Mji unaokataa peke yake unabaki bila bunduki katikati ya majirani wenye bunduki. Mkuu, unawahukumu watu ukiwa umeketi mahali salama.

Mleta mada

Nashukuru kwa kuileta 1767, maana na mimi nina swali juu yake. Siku ile walikamatwa pia Little Ephraim Robin John, nduguye Amboe, na Ancona Robin Robin John. Waliuzwa Dominica, wakatoroka, wakauzwa tena Virginia, wakaishia Bristol. Shauri lao likamfikia Mansfield, jaji mkuu wa Uingereza, wakawa huru, na mwaka 1774 wakarudi kwao. Hoja yao ilikuwa nini? Kwamba wao ni watu huru walioshikwa kwa hila, hawakutekwa vitani. Hawakusema kuuza watu ni kosa. Mpaka kati ya anayeuzika na asiyeuzika waliujua vizuri, na waliusimamia.

Ya Bonny nakubali ina uzito. Lakini woga wa kumpoteza mteja siuiti kulazimishwa.

Mchangiaji wa pili

Wakuu, nyote mnawazungumzia wakubwa. Eyamba V, mkuu wa Duke Town aliyeitwa mfalme, alipokufa 1847, watumwa wengi waliuawa wamsindikize. Mwaka 1850 Ekpe ikapiga marufuku mauaji hayo ya mazishini, na vitabu vingi vinawapa sifa wamisionari waliofika 1846. Lakini wakati huo huo watumwa wa mashamba ya Akpabuyo walikuwa wakila yamini ya damu, wakiapa kulindana. Waliitwa watu wa damu. Mwaka 1851 waliingia Duke Town na silaha kudai wenzao walioshikwa. Marufuku ya kwenye karatasi ilipata nguvu kwa sababu ya hao.

Mchangiaji wa tatu

Nami niongeze la ng'ambo. Mwaka 1836, huko Regla, ng'ambo ya bandari ya Havana nchini Kuba, watu waliotoka mto Cross walianzisha chama cha Abakuá kwa mfano wa Ekpe. Tawi la kwanza waliliita Efik Butón, jina lililotokana na Obutong. Kwa hiyo sheria ile ile ya chui iliyolinda deni la muuzaji, huko Kuba ilitumiwa na Waafrika kulindana.

Mleta mada

Mchangiaji wa pili, nakubali kurekebisha hoja yangu. Nilisema Ekpe haikuufunga mto kwa ajili ya waliouzwa, nikaishia hapo, kana kwamba walioonewa walikaa wakingoja huruma ya wakubwa. Akpabuyo walikula yamini wao kwa wao, na wakubwa wakalazimika kukaa nao mezani. Swali langu kwenu sasa: tunapotaja walioijenga Old Calabar tunasema Eyamba V, Eyo Honesty II, Great Duke Ephraim. Viongozi wa watu wa damu tunawaweka wapi kwenye orodha hiyo?